Fundo la Uzi Mweusi

Mimi ni fundi cherehani na sina subira. Atakayebisha awaulize wateja wangu. Anayekuja kuulizia nguo kabla ya siku niliyomwambia namtoa mbio, na anayechelewa kuichukua nikikutana naye barabarani namsema mbele za watu. Kwa hiyo mama aliponiambia, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kwamba nimpeleke nchi ya mbali kumtafuta baba yake, nilimjibu vibaya. Nilimwambia baba yake alikufa vitani, kaburi lake liko nyuma ya nyumba, na tumelifagia tangu nipate akili. Mama akaniacha nimalize.

"Lile kaburi halina mtu," akasema.

Hilo nililijua. Kila mtu kwetu alilijua, ila halikuwa jambo la kuzungumzwa wakati wa kula. Babu alikuwa fundi kama mimi. Jeshi lilipopita kukusanya watu kwa ajili ya vita vikubwa vya wakati ule, vita ambavyo kwetu hakuna aliyejua vimeanzia wapi wala vinagombania nini, lilimchukua yeye na mkasi wake. Vita vikaisha. Wenzake wachache wakarudi, na mmoja wao akaapa kwamba alimwona akianguka. Bibi akangoja, akachoka kungoja, akashona sanda, akaizika tupu. Mama alikuwa bado mtoto. Kazi yake ilikuwa kumtungia bibi uzi kwenye sindano, maana macho ya bibi yalishaanza kugoma.

Ukoo wetu una sharti moja la kazi ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Nguo ya mtu aliye hai lazima ipigwe fundo kwa mkono, kila mshono, mwanzo na mwisho, hata ikishonwa kwa cherehani, hata kama ni shati la kulimia. Sanda haipigwi fundo hata moja. Uzi unaingia, unatoka, unaachwa hivyo hivyo, ili mwenyewe asikwame huko anakokwenda. Mwanafunzi wangu akisahau fundo kwenye gauni la mteja, nafumua gauni zima na siku hiyo hatuongei. Watu wanadhani ni ukali wa kazi. Wala siwaelezi.

Habari yenyewe ilikuja kwenye simu ya kaka yangu mkubwa. Mtu mmoja wa kwetu anayeishi huko ng'ambo alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya zamani, akakuta mkasi umetundikwa ukutani, akaupiga picha na kuirusha huku na huku akiuliza kama kuna anayeutambua. Mpini wake ulikuwa na mikato mitatu. Mkasi wa bibi, ambao ndio ninaotumia mpaka leo, una mikato mitatu ile ile mahali pale pale, kwa sababu mikasi hiyo miwili ilinunuliwa pamoja yeye na babu walipooana. Mwenye nyumba, tukaambiwa, anataka kuuza, na hataki kuuza kabla hajaonana na ndugu za fundi.

Kaka zangu walikuwa na kazi nyingi, kama kawaida yao. Mimi yangu ni mchezo. Wakachanga nauli na kunipa onyo moja tu: mama moyo wake mbovu, mwaka jana alianguka akavunja mfupa wa bega na bega la kulia limelala mpaka leo, basi umeondoka naye, urudi naye. Nikawaambia nitarudi naye hata nikimbeba mgongoni. Nilisema kwa hasira, lakini nilikuwa naapa.

Tulipokelewa na huyo aliyepiga picha. Alikuwa mtu mzima aliyekwenda kusoma akasahau kurudi, na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Tulimpa jina la Kwa Kifupi siku ile ile. Mwenyeji anaweza kuzungumza maneno ya kujaza pipa, yeye anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha anageuka na kusema, "Kwa kifupi, karibuni."

Mji ulikuwa msafi wa kukutia mashaka. Watu walipishana ngazini, nguo zikagusana, macho yasigusane. Mama, ambaye hajawahi kumpita mtu bila kumuuliza hali na watoto wake, siku ya kwanza alisalimia kila aliyemwona mpaka koo likakauka, asijibiwe na yeyote. Nikamwambia aache, wasije wakadhani tunauza kitu. Akasema ndiyo maana walipigana, hawajuliani hali.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa, na ngazi zake za mbao zililalamika kila ukikanyaga. Mwenye nyumba alitungoja mlangoni. Umri wake haukupishana sana na wa mama. Alikuwa mwanamke mwembamba, kanyooka, na sweta lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakumtazama mama usoni, alimtazama bega. Alilitazama lile bega lililolala, akafumba macho, akasema neno moja. Nikamuuliza Kwa Kifupi amesema nini, akasema anatukaribisha. Nikamkazia macho, maana hata mbwa anajua anapokaribishwa, na lile halikuwa neno la kukaribisha. Kwa Kifupi akajishughulisha na mabegi.

Asubuhi yake tulipelekwa makaburini. Upande wa mbele mawe yamepangwa sawa kama vifungo, kila jiwe na jina, cheo, na mahali mtu alipofia. Upande wa ukutani kulikuwa na mawe mafupi ya wageni, matupu. La babu lilikuwa mojawapo. Nikachemka. Vita walianzisha wao, na majina wameandikana wao. Watu wetu walikuja kubeba, kupika, kushona na kufa, wakaambulia jiwe lisilo na hata herufi moja. Nikamwambia Kwa Kifupi amfikishie mwenye nyumba maneno hayo, na asiyafupishe. Sijui alifikisha nini. Ila mwenye nyumba alijibu taratibu kwamba wao walitaka kuandika jina, lakini fundi aliwakataza tangu akiwa hai. Aliwaambia jina lake lilishatumika, liko juu ya kaburi kwao.

Mwenye nyumba akaenda upande wa mbele, akainama kwenye jiwe moja la kijana na kulifuta vumbi kwa mkono wa sweta lake, huku anaongea nalo chini chini. Kwetu mama hufanya hivyo hivyo, na ncha ya kanga. Hasira ikanipungua kidogo, ingawa sikupenda ipungue. Mama alikuwa bado amesimama mbele ya jiwe tupu.

"Hapa pia hayupo," akasema, akageuka.

Chini ya ile nyumba kulikuwa na chumba kipana, zamani karakana, sasa sehemu ya kuonyesha vitu vya vita. Wakati ule mateka waliletwa pale kushona sare za jeshi la nchi ile. Babu alikuwa mmoja wao, hakuanguka, alitekwa. Kulikuwa na makoti mawili ya kijeshi, mazito, yamevalishwa sanamu za mbao zisizo na vichwa. Sikuhitaji kuambiwa nani alishona. Matundu ya vifungo yalikuwa yamezungushiwa uzi kwa mtindo aliofundishwa mama na mama akanifundisha mimi, nami hufundisha kwa makofi. Kuona mkono wako mwenyewe kwenye nguo iliyoshonwa kabla hujazaliwa si jambo zuri.

Mwenye nyumba alikuwa amegeukia picha ukutani, akieleza habari za kaka yake. Nikachukua nafasi hiyo kuingiza vidole ndani ya pindo la koti la kwanza. Nikapapasa mshono wote, nikahamia mkononi, nikahamia kwenye kola. Nikaenda koti la pili. Mama alikuwa ananitazama.

"Hayana?" akauliza.

"Hayana hata moja."

"Basi funga mdomo."

Babu alikuwa amewashonea sanda. Watu wale walimpiga, wakamweka na njaa, wakamlazimisha kuwavisha vijana wao waende vitani, naye akawavisha. Kwenye picha, kaka yake mwenye nyumba alikuwa anacheka ndani ya koti lile lile, mashavu bado ya kitoto. Hakurudi. Kwa Kifupi alitafsiri, safari hii bila kufupisha sana, kwamba mtaa ule vijana wote waliovaa makoti ya karakana ile hawakurudi, na kwamba siku habari za kaka yake zilipofika, fundi mgeni alilia kuliko mama yao mzazi, mpaka watu wakashangaa. Nilitazama sakafu. Nina mdomo mrefu, kila mtu anajua, lakini siku ile niliumeza.

Tulipewa chumba cha juu. Kilichofuata kilikuwa chumba cha babu, ambacho mwenye nyumba alikiacha kama kilivyokuwa. Alasiri, jua limejaa dirishani na mama amelala chali akitazama dari, nikasikia cherehani. Ilikuwa upande wa pili wa ukuta: pedali inayokosa mafuta, inakwenda, inasimama, inakwenda tena. Anayeijua kazi husikia kila kitu. Huyu alikuwa anashona pindo refu, akifika kwenye kona anainua mguu, anageuza kitambaa, anaendelea. Nikadhani ni mchezo wa Kwa Kifupi. Nikainuka kwa hasira zangu zote na kusukuma mlango.

Hakukuwa na mtu. Cherehani ilikuwa dirishani, gurudumu limetulia, na haikuwa na mkanda wa kulizungusha. Nilipitisha mkono mahali mkanda unapopaswa kuwa, nikakuta vumbi. Kisha nikafanya jambo ambalo ningekushauri usilifanye: nikagusa kigoda. Kilikuwa na joto, lile joto la kigoda ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Nilishuka ngazi na kumkamata Kwa Kifupi kola ya shati. Nikamwambia aketi kati yangu na mwenye nyumba, na atafsiri neno kwa neno, na akifupisha hata pumzi nitamshona midomo. Mama akaja akakaa. Mwenye nyumba alipoelewa ninachotaka, alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Akasema vita vilipoisha mateka waliachiliwa, na fundi alifungasha akawa anangoja, kwa miezi mingi, gari la kumrudisha kwao. Siku moja, mchana, akaanguka kando ya cherehani yake. Walipomwinua alikuwa wa baridi, anatema mate, anasema chakula na maji vyote vina ladha ya udongo. Akamwambia mama yake mwenye nyumba, kwa lugha yao aliyokwisha kuijua, maneno ambayo mwenye nyumba, mtoto wakati ule, aliyasikia na hakuyasahau: leo wamenizika nyumbani, lakini hawakumaliza. Tangu hapo hakutaka gari. Alisema mtu aliyezikwa akibisha hodi kwake, nani atamfungulia? Alibaki akishona nguo za watu wa mtaa, na kila mwaka alishona gauni moja la msichana ambalo hakumpa mtu.

"Akaendelea hivyo mpaka alipokufa," nikasema.

Kwa Kifupi akalifikisha hilo. Mwenye nyumba akatikisa kichwa. Kisha Kwa Kifupi akatafsiri jibu lake. Alikufa zamani, yeye mwenye nyumba akiwa mwali, na walimzika kule ukutani kwa mikono yao. Wiki ile ile cherehani ikaanza. Walitoa mkanda, haikusaidia. Na magauni hayakukatika. Kila mwaka, ukifungua kabati, limeongezeka moja. Watu wanataka kuinunua nyumba, alisema, naye anataka kwenda kukaa kwa mwanawe, lakini hawezi kuwauzia wengine jambo kama hilo, wala hawezi kumwacha mzee wa watu peke yake. Alitaka kutuuliza sisi wenyewe: mtu kama huyu anamalizwaje?

Nikamuuliza Kwa Kifupi lile neno la mlangoni lilikuwa nini. Akanitazama kwa huruma.

"Alisema, 'Ndiye.'"

Tulipanda. Kabati lilichukua ukuta mzima. Mwanzoni kulikuwa na kagauni ka mtoto wa miaka saba hivi, kameshonwa kwa blanketi la jeshi. Lililofuata lilikuwa refu kidogo, kisha refu zaidi, moja kiuno kimeanza kuonekana, moja limeachiwa nafasi tumboni, kwa mwaka ambao mama alikuwa na mimba ya kaka yangu mkubwa. Mama alikuwa anayagusa moja moja kama anasalimiana nayo. Akafika kwenye moja akacheka. Ule mwaka alinenepa sana, akasema, hata baba kaona.

La mwisho lilikuwa jeupe, kitambaa ambacho mwenye nyumba aliapa hakuna aliyekinunua. Mama alilivaa kabla sijapata la kusema. Likamkaa. Bega la kulia limeshushwa, mkono wa upande huo umefupishwa kwa unene wa kidole, na nyuma kumeachwa nafasi ya mgongo ulioinama. Bega kama lile mimi silipati mpaka mteja asimame mbele yangu na pini zijae mdomoni. Mama alivunjika mwaka mmoja tu kabla ya safari ile. Babu alikufa kabla mimi sijazaliwa.

"Baba yangu kanishonea," mama akasema, akajishika kifuani na kulia kama mtoto.

Mimi mikono yangu ilikuwa imeshatangulia kwenye pindo. Hakuna fundo. Nikapanda na mshono wa ubavuni. Hakuna. Nikamwambia mama avue, avue sasa hivi, akanisukuma. Nilipapasa kila mshono juu ya mwili wake, huku machozi yananitoka kwa hofu na kwa hasira, mpaka nikafika nyuma ya kola. Pale vidole vikagota kwenye kitu. Nilikunjua kola nikaona fundo la uzi mweusi, nene, baya, limezungushwa mara nyingi kama limefungwa na mtu asiyejua kufunga.

Nikamwelezea. Mama akaacha kulia.

"Hilo ni langu," akasema.

Siku bibi aliposhona sanda, aliinuka kwenda kunywa maji na kumwachia mama kitambaa. Kulikuwa na sindano yenye uzi mweusi uliobaki baada ya kutia kiraka sare yake ya shule. Mama akaichukua, akafunga fundo moja ndani ya mkunjo, akalizungusha na kulizungusha ili lisifunguke. Hakutaka baba yake aende. Aliwaza, kitoto, kwamba akikwama atarudi. Bibi hakuona, sanda ikazikwa, na mama hakumwambia mtu mpaka siku ile mbele yangu.

"Alikwama kweli," akasema. "Ila alikwama huku." Kisha akakaa kitandani, akainamisha shingo. "Fumua."

Nilikataa. Nilimwambia nikifumua hilo, nguo yote haina fundo, na yeye ndiye aliyeivaa. Nilimkumbusha niliyowaahidi kaka zangu. Nikamwambia babu mwenyewe aliwavisha wengine sanda wakiwa hai, na yeye akavishwa, sasa ngoma imeisha droo, atuache. Mama akasema ndiyo, alifanya ubaya na ubaya ukamrudia, lakini imetosha. Na mwenye nyumba naye, aliyenyang'anywa kaka, amelea mzimu wa watu maisha yake yote bila kujua ulimfanyia nini, naye imemtosha. Wakati tunabishana, upande wa pili wa ukuta cherehani ikaanza. Ilikwenda polepole sana, ya mtu anayeshona huku ametega sikio. Kwa Kifupi akashika ukuta.

Nikakubali, shingo upande. Nikaomba mkasi wa babu. Kisha nikasema pindo limejikunja, ngoja nilinyooshe kwanza, nikapiga magoti miguuni pa mama. Sindano na uzi haviniishi kwenye mfuko. Uzi ulikuwa mweupe. Nikafunga fundo dogo, zuri, la kifundi, ndani ya pindo karibu na kisigino cha kushoto, na mama hakuhisi kitu.

Nilipoinua uso nikakutana na macho ya mwenye nyumba. Alikuwa ameona. Akasema maneno mafupi, taratibu, na kwa mara ya kwanza Kwa Kifupi hakutafsiri kabisa. Wala mimi sikumuuliza.

Nikakata lile jeusi. Cherehani ikasimama katikati ya mshono. Tulingoja iendelee, kwa sababu fundi hasimami pale, na haikuendelea. Mama akashusha pumzi ndefu. Mwenye nyumba akaenda kukaa kwenye ngazi, akaweka mikono magotini, akalia. Siku ya kuondoka alinikumbatia kwa nguvu, mwanamke yule asiyesalimia watu, akanishukuru kwa ajili ya fundi wake mwema. Habari ya makoti sikumwambia. Nilimwacha anikumbatie.

Nikamrudisha mama. Kaka zangu walinisifu, jambo ambalo si kawaida yao. Na mama akaishi. Moyo wake mbovu ukaendelea kupiga. Homa iliyoondoa vijana mtaani ilimpitia. Daktari akawa anamwangalia na kucheka, anasema huyu mama yenu ni chuma. Wenzake wote wakaisha, akabaki hana wa kutaniana naye. Kisha miguu ikagoma, macho yakagoma, ngozi ikaanza kuchanika mgongoni, na kumgeuza kitandani ikawa ni kumsikia anauma meno. Hakulalamika. Siku moja tu aliniuliza kama nadhani amesahauliwa, nikamkemea. Mwezi huu akaomba avishwe gauni jeupe la baba yake.

Juzi alasiri pumzi zikakatika. Nilikuwepo, kaka zangu walikuwepo, muuguzi jirani alimpima mkono na shingo na kutupa pole. Kaka yangu mkubwa akamfumba macho. Mimi nikaenda kibandani kwangu kuchukua kitambaa, kwani sanda ya mama sikutaka aishone mtu mwingine. Nikiwa nimeshika mlango, cherehani ya bibi, ambayo mkanda wake niliutoa siku niliyorudi safari, ikaanza kwenda.

Nilirudi ndani mbio. Kaka yangu mkubwa, yule mwenye kazi nyingi, nilipishana naye mlangoni anakimbilia barabarani. Mama alikuwa amefumbua macho. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na kifua hakikuwa kinapanda wala kushuka.

"Mwanangu," akasema. "Ulifunga wapi?"

Nikamwambia hajafa, ametushtua tu, apumzike. Akarudia swali lile lile. Nikamwambia sikufunga popote. Akatema kitu kwenye ncha ya kanga, nikamfuta mdomo. Mate yake yalikuwa na udongo. Ndipo nikalia, nikamwambia ukweli kwamba siwezi, kwamba nikilikata ameondoka na mimi nitabaki na nani wa kumjibu vibaya. Nikamwambia kesho, mama. Kesho nitafumua.

Alinitazama bila kunikasirikia.

"Mimi nilikuwa mtoto," akasema. "Wewe una kisingizio gani?"

Kule kibandani cherehani ilikuwa inakwenda polepole. Nikavaa miwani, nikachukua mkasi wenye mikato mitatu, nikapiga magoti miguuni pake kama ninavyompigia mteja yeyote, nikaanza kutafuta kwenye pindo.